Shajara ya chimni: Tabora mjini, kiangazi hiki

Kwa wanaoniuliza huu mradi ni nini hasa, ni hivi. Mimi ni fundi mwashi, kazi zangu za siku zote ni tofali na plasta, ila tangu mvua zikatike nimeamua kiangazi hiki nizunguke kwenye nyumba zenye chimni (dohani, ile njia ya moshi inayopanda juu ya paa) nizikague na kuzisafisha kabla mvua za Novemba hazijarudi. Watu wakisikia chimni wanajua ni mambo ya Ulaya kwenye barafu huko. Sasa we pita taratibu upande wa stesheni, reli ilifika hapa 1912 na nyumba zilizofuata baada ya hapo nyingi bado zinakaliwa, pita na kwenye nyumba za misheni na zile za walimu wa zamani, inua macho juu ya bati utaziona zimesimama tu. Ukiongeza majiko banifu ya siku hizi yenye bomba la bati linalotokea ukutani, kazi ipo.

Jumatatu, zana

Nimemaliza kukusanya vifaa. Brashi za waya nimetengenezewa na fundi wa kuchomelea, moja ya duara kwa ajili ya mabomba na moja ya mraba kwa ajili ya chimni za tofali, maana brashi ya duara kwenye tundu la mraba inaacha pembe zote nne na masizi yake. Fito nimetumia bomba la maji la plastiki lile gumu, nimekata vipande vinavyounganika kwa soketi. Kamba na chuma kizito cha kuivuta brashi kutokea juu. Turubai, salfeti za kubebea masizi, miwani, barakoa nzito (za kitambaa hapa hazisaidii, vumbi la masizi ni laini mno). Halafu kioo kidogo cha kunyolea na tochi, na hivi viwili ndo vimefanya kazi kubwa kuliko brashi zote mtaona mbele.

Nina msumari nimeutia alama ya milimita 3. Nauchomeka kwenye masizi ya ukutani, yakifika alama hiyo chimni inasafishwa leo leo, haingoji. Na kanuni ya Marekani, ile wanaiita NFPA 211, inataka chimni ikaguliwe angalau mara moja kwa mwaka hata kama moto uliwashwa kidogo tu. Hapa kwetu naona mara moja kwa mwaka ni sawa kabisa, ukiifanya kiangazi maana hutapanda kwenye bati linaloteleza.

Niko na dogo mmoja wa Urambo, kwao wanalima tumbaku. Ameniambia mambo ya mabani, zile nyumba za kukaushia tumbaku, ntayaandika chini.

Jumanne, kwa mzee wa reli

Nyumba ya kwanza ni ya mzee mstaafu wa reli. Shikamoo mzee, marahaba fundi karibu, ila mi chimni yangu haina shida, moshi si unatoka. Nikamwambia sawa mzee wangu, kabla sijapanda naomba nikuulize mambo mawili matatu. Bati hili lilibadilishwa lini? Nani alikaa humu kabla yenu? Jiko la humu ndani lilikuwa hapo hapo lilipo au lilihama? Kuna tundu lolote lililozibwa ukutani?

Mzee akaanza kucheka, akasema we fundi au afisa ardhi. Lakini majibu yalipoanza kutoka nikaona kazi yote iko humo humo kwenye majibu. Kumbe chimni ni moja ila ndani ina njia mbili, moja ya jikoni na moja ya sebuleni, wale wa zamani walikuwa na sehemu ya kuota moto pale ilipo kabati ya vyombo sasa. Ya sebuleni ilizibwa kwa tofali na mpangaji mmoja. Na walipobadilisha bati, fundi wa bati aliona chimni inamsumbua kupanga mabati akaikata. Ndio, aliikata! Ilikuwa ndefu, akaipunguza mpaka ikabaki inazidi bati kwa kiganja kimoja, yani iko chini ya mgongo wa paa.

Kwa wasiojua, chimni inatakiwa ipande angalau sentimita 90 juu ya pale inapotokea kwenye paa, na iwe juu kwa sentimita 60 kuliko kitu chochote kilicho ndani ya mita 3 kuizunguka. Kitu chochote ni pamoja na mgongo wa paa lako mwenyewe na tawi la mwembe, na huu mji kwa miembe mnaujua. Ikiwa fupi, upepo unapiga mgongo wa paa unajikunja na kuusukuma moshi urudi chini. Bibi pale jikoni miaka yote anasema jioni upepo ukigeuka moshi unarudi, wakaamini ndo hali ya hewa ya Tabora.

Bado hatujafika darini. Dogo akapanda na tochi akaniita, mwalimu njoo uone. Fundi huyo huyo wa bati (au mwingine, simjui na sitaki ugomvi) alipokosa pa kuegemeza kenchi akachimba tofali la chimni akaingiza kichwa cha mbao humo. Mbao imekaa inagusana na ukuta unaopata moto kila siku, na upande ule imeshakuwa nyeusi. Mbao ikipashwa moto polepole kwa miaka inabadilika ndani, inafika mahali inashika moto kwa joto ambalo mbao mpya lisingeifanya kitu. Inatakiwa kuwe na nafasi ya sentimita 5 kati ya mbao na tofali za chimni na nafasi hiyo ibaki wazi, isijazwe takataka wala siling bodi.

Sasa sikilizeni. Msumari wangu kwenye nyumba hii haukufika alama. Masizi ya jikoni yalikuwa membamba, makavu, unayapangusa kwa kidole. Yani ningekuja na brashi tu ningepiga nusu saa, nikachukua hela yangu nikaondoka, mzee akabaki na risiti ya chimni safi na mbao inayoiva juu ya kitanda chake. Kuanzia hapo nimebadilisha utaratibu wote wa mradi, maswali kwanza, dari pili, kioo tatu, brashi mwisho. Na bei nimeigawa, ukaguzi una bei yake hata kama sijasafisha kitu, maana nisipofanya hivyo kila chimni nitaiona chafu haha.

Jumatano mpaka Ijumaa, nyuki

Ile njia ya sebuleni iliyozibwa ilibidi tuione ndani, huwezi kuacha tundu lisilojulikana lililopakana na tundu lenye moto, ukuta kati yao ukiwa na ufa moshi unahamia. Tukasogeza kabati, tukatoa tofali moja. Ukasikika mvumo. Dogo alikuwa nje ya nyumba kabla mi sijageuka.

Nyuki. Na hapa Tabora nani atashangaa, tundu refu lenye giza, kavu, lisilotumika, kwao hiyo ni nyumba bora kuliko mizinga mingi niliyoiona huko maporini. Mzee akasema tuwashe moto chini watoke. Hapana. Nta inawaka na asali inatiririka, ukiwasha chini ya masega ya miaka mingi umejitengenezea utambi wa urefu wa nyumba nzima. Pia ukiwaua ukayaacha masega humo, wanakuja sisimizi, nondo na kundi jingine la nyuki.

Tukamtafuta mrina asali, naye kama warina wote hana haraka, akasema atakuja jioni jua likizama. Hakuja. Akaja kesho yake. Akafanya kazi nzuri sana lakini, tukaongeza tundu la tofali kwa chini, akawapulizia moshi kidogo wa kinyesi cha ng'ombe, akawa anakata sega moja moja anayafunga kwenye vijiti vya mzinga wake, mpaka wengi wakahamia humo, akauacha mzinga mdomoni pa tundu usiku kucha, alfajiri akafunga akaondoka nao. Asali ilitoka ndoo na kitu. Bibi akaonja akasema hii ina harufu ya masizi haiuziki, lakini sikuona akiitoa.

Tulichelewa kwa sababu hiyo, waliokuwa wananipigia simu mnivumilie. Baadaye tulikwangua nta yote kwa koleo refu, tukasugua na brashi ya mraba. Na kwa wote wenye chimni isiyotumika: usiizibe juu na chini ikawa chupa. Weka kofia juu yenye wavu wa chuma pembeni, na chini acha tundu dogo la hewa lenye wavu pia, ndani ipumue isishike unyevu. Hii inazidi kuwa muhimu maana watu wanahamia gesi, mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wa 2024 mpaka 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe huko, ni jambo jema, ila kila atakayehama anaacha tundu nyuma yake juu ya paa na hamna anayemwambia la kufanya nalo.

Jumatatu, kwa mama wa mikate, Ng'ambo

Mwangaluka mayu (ndo salamu ya asubuhi huku, mayu ni mama). Mwangaluka fundi, pita, angalia kichwa usigonge.

Huyu mama anaoka mikate na skonsi za jumla. Ana jiko kubwa la kuni lenye tanuri, bomba la bati jembamba linapanda, linakunja kona, linasafiri kulala kwa urefu wa meza, linakunja tena kutoka ukutani na kupanda nje. Kona mbili na kulala juu. Alionyesha ukuta ulivyo mweusi pale bomba linapotokea akasema hapo ndo pananichosha, napiga chokaa kila mara.

Hapa msumari wangu haukuwa na maana yoyote. Nilifungua kipande cha nje nikakuta ndani kumepakwa kitu cheusi kinang'aa, kigumu, kimejikunja mikunjo kama kioo kilichoyeyuka. Nieleze kidogo hapa maana ndo penye moto wenyewe. Moshi wa kuni umebeba mvuke wa maji na mafuta ya mti ambayo hayakuungua. Ukipanda kwenye bomba la moto unatoka nje umeshiba joto lake. Bomba likiwa la baridi, moshi ukashuka chini ya nyuzi 120 hivi, yale mafuta yanaganda ukutani, hiyo ndo kreosoti. Mwanzoni inakuwa unga, brashi inautoa bila shida. Ikizidi inakuwa magamba meusi yenye matundu, brashi ngumu inayatoa kwa jasho. Ikiendelea kupashwa moto na kuganda juu yake yenyewe inakuwa hiyo ya kung'aa, na hiyo brashi inaipigia msasa tu.

Na inakaa wapi? Mama alishanionyesha mdomo wa jiko, akasema mbona hapa pasafi. Karibu na moto ni pasafi siku zote mayu. Tatizo liko mbali, baada ya kona ya pili, kule nje kwenye upepo bomba linakopoa. Mwenye nyumba anachungulia pale anapofika, kreosoti inakaa asipofika.

Nikamuuliza, uliwahi kusikia bomba linanguruma? Akanyamaza, akaniangalia. Akasema ndiyo, masika, usiku wa manane, likanguruma sana na bomba likawa jekundu pale kwenye kona, akafunga mlango wa jiko akakaa anasali likatulia. Mayu, huo ulikuwa moto wa chimni! Kreosoti ikiwaka joto linaweza kufika nyuzi 1,100, tofali zinapasuka, bati linatoboka, mbao ya karibu inaanza kuwaka upande usiouona. Kufunga mlango alifanya sawa kabisa, moto unanyimwa hewa. Kinachobaki ni kutoa watu nje na kupiga 114 zimamoto hata kama umetulia, waje waangalie dari. Maji usimwage ndani ya bomba wala chimni yenye moto, yanageuka mvuke ghafla na tofali zinapasuka.

Sentimita chache kutoka kwenye bomba hilo kulikuwa na rafu ya mbao, na juu yake salfeti za ngano. Bomba la bati moja, lisilo na ganda la pili, linataka sentimita 45 mpaka kwenye kitu chochote kinachoungua. Rafu tuliing'oa siku hiyo hiyo, sikusubiri ruhusa ndefu.

Bomba sikulisafisha. Nililitupa lote. Tumeweka jipya la bati nene, limepanda wima kutoka jikoni kupitia paa, kona hamna, na pale linapopita kwenye bati la paa tumekata tundu kubwa la mraba tukafunika na bati lingine bila mbao kugusa. Mama alilalamika gharama na ana haki, lakini tanuri sasa linavuta mpaka anasema kuni zimepungua.

Kuni nazo tuliongea. Ananunua mbichi kwa sababu ni bei nafuu, na usiku anasukumia magogo makubwa anafunga hewa karibu yote ili tanuri liamke na joto alfajiri. Moto wa kufukuta namna hiyo ndo mama wa kreosoti yote niliyoikuta. Kuni nzuri ina maji chini ya asilimia 20, na bila kipimo utaijua, ncha zake zimepasuka, gome linabanduka, ukigonganisha vipande viwili vinalia kavu. Pasua sasa kiangazi, panga chini ya paa, pembeni pawe wazi upepo upite, mvua zikija una kuni za maana.

Alhamisi, dogo na tundu kubwa

Nyumba moja ya misheni ina chimni pana kweli, mtu mwembamba anapita. Dogo akavua viatu akasema naingia mwalimu, ntasugua kwa mkono. Nikamkatalia tukabishana kidogo. Uingereza zamani walikuwa wanaingiza watoto wadogo humo, wengine wanakwama wanafia ndani, na mwaka 1775 daktari mmoja wa London, Percivall Pott, akaandika kwamba wasafisha chimni wanapata saratani ya ngozi ya korodani kwa sababu ya masizi yanayoganda mwilini. Ilichukua miaka 100, mpaka sheria ya 1875, watoto kuacha kuingizwa kwa kweli. Dogo aliposikia neno korodani akavaa viatu.

Tukatumia kamba na uzito. Na kila jioni tunaoga kwa sabuni kabla ya kula na nguo za kazi hazichanganywi na za nyumbani, hilo halina mjadala.

Yake ya mabani ni haya. Tumbaku ya mvuke inakaushwa kwenye bani lenye mabomba ya bati yanayopitisha moto chini, majani yako juu yamening'inia. Jani moja likidondoka kwenye bomba la moto, bani linaondoka na msimu wa familia. Kwao baba yake anakagua mabomba kila kabla ya kuwasha, anapuliza moshi kwanza anaona unapovujia, anaziba kwa udongo wa kichuguu. Nikamwambia sasa kumbe hii kazi unaijua, tufanye hivyo hivyo huku.

Jumamosi, kurudi kwa mzee

Tumeipandisha chimni ya mzee kwa tofali za kuchoma mpaka ikapita mgongo wa paa kwa kipimo. Ndani nyufa nimeziba kwa udongo wa kichuguu na mchanga, sementi tupu inapasukapasuka ikikutana na moto, nimeitumia nje tu kwenye mvua. Kenchi tumeikata, tukaiwekea nguzo yake yenyewe pembeni, nafasi ya sentimita 5 ipo unaona mwanga unapita.

Halafu jaribio la moshi kwa staili ya bani. Majani mabichi kwenye moto mdogo chini, gunia bichi juu mdomoni mwa chimni, dogo darini na tochi. Mara ya kwanza akapiga kelele kuna uzi wa moshi karibu na siling, nikaziba. Mara ya pili kimya. Tukatoa gunia, nikawasha gazeti kwanza kupasha tundu maana asubuhi hewa baridi inakaa humo imejazana inazuia moshi kupanda, kisha kuni. Ukavuta vizuri.

Bibi akauliza kama sasa anaweza kulala na jiko la mkaa chumbani siku za baridi ya Julai kwa vile fundi keshakagua nyumba. Nilikaa chini kwenye kigoda nikamweleza taratibu. Kaboni monoksaidi, gesi ya sumu inayotoka kwenye mkaa unaowaka, haina rangi wala harufu, inashika damu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni inavyoshika, unaumwa kichwa, unapata kizunguzungu na kichefuchefu, unadhani ni malaria, unalala. Chimni yangu inatoa moshi wa jikoni tu, jiko la mkaa chumbani halina chimni. Mzee akasema amesikia, jiko litalala nje. Kifaa cha kengele kinacholia gesi hiyo ikiwepo, nilichoagiza kutoka Dar, nimekiacha kwao kwenye korido, betri mpya, nimemwonyesha mjukuu kitufe cha kujaribu.

Yaliyobaki

Kofia mbili za bomba ziko kwa fundi wa kuchomelea, moja ya mama wa mikate na moja ya misheni, ameahidi wiki hii. Mwembe wa jirani wa mzee una tawi linaloelekea chimni, jirani amekubali likatwe ila anataka yeye ndo abaki na kuni. Ipuli kuna nyumba tatu zinanisubiri, Isevya moja. Mkinipigia, kabla ya kuniambia chimni ina hali gani, niambieni kwanza bati lilibadilishwa lini na fundi gani alipita darini.